Karatasi Mbili za Inchaji

Nilimwonea wivu Inchaji wetu, muuguzi msimamizi wa wodi, kwa miaka tisa. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani namsifu kwa moyo mweupe. Wenzangu wakimkumbuka huanza na sauti yake, au na namna alivyokuwa akicheka huku amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mimi huanza na mikono, kwa sababu mikono yake ndiyo iliyonikosesha raha.

Ilikuwa mikono ya kawaida tu: minene kidogo, vidole vifupi, kucha zimekatwa mpaka karibu na nyama, na kwenye viganja hina iliyokuwa ikififia muda wote bila kwisha, maana kwao hawakukosa harusi. Wodi yetu ni ya watoto, katika hospitali moja ya upande wa Temeke. Mtoto aliyeharisha siku tatu huletwa mishipa yake imenywea yote, na bila mshipa hakuna pa kupitisha dripu. Mimi nilikuwa naitafuta kwa tochi ya simu. Nilipiga-piga ngozi, nikafunga mkono kwa glavu, nikafungua, nikafunga tena. Inchaji alikuwa anashika kile kiganja kama anamsalimia mtoto, anafumba macho, anatulia. Halafu anachoma mara moja, na damu inarudi kwenye kanula, kile kijibomba kinachobaki mshipani.

Sifa za mikono hiyo zilishafika Tandika na Mbagala. Mama ambaye hajawahi kulazwa kwetu hata siku moja alikuwa anaingia, ananikuta nimesimama na trei yangu, na ananiuliza kwa adabu zote, "Sista, yule mama wa hina yupo zamu?" Nikimwambia hayupo, anaketi na kumpakata mtoto wake vizuri. Anasema watasubiri. Nilikuwa na stashahada yangu, nimesoma miaka mitatu Iringa kwenye baridi, na yeye alikuwa na cheti cha zamani kile. Hakuna mama aliyewahi kuuliza kuhusu cheti.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa hiki. Kwenye mshipa mgumu, Inchaji akiwa ameshika mtoto mwingine, alikuwa anaita wengine. Aliita hata wasichana walioanza kazi juzi. Mimi hakuniita. Mimi aliniita kwenye karatasi tu. Nilitaka jambo moja kutoka kwake, na nililitaka mpaka likawa kama ugonjwa: siku moja, mbele ya watu, aniambie, "Weka wewe."

Hizo karatasi zilikuwa desturi yake mwenyewe. Dawa yoyote ya mtoto inayoingia mshipani ilihesabiwa na watu wawili. Si mmoja kuhesabu na mwingine kuangalia, hapana. Kila mtu na karatasi yake na kalamu yake, tumegeuziana migongo kwenye meza ya dawa, hakuna kuchungulia wala kuulizana. Ukimaliza unageuka, mnaweka karatasi mbili pamoja. Zikifanana, dawa inavutwa. Zisipofanana, hakuna anayesema nani kakosea, mnaanza upya kutoka kwenye kilo za mtoto. Wageni waliotutembelea walicheka kutuona watu wazima tumepeana migongo kama wagomvi.

Na kila alipohesabu yeye, mtu wa pili nilikuwa mimi. Hata kama niko mwisho wa wodi nabadilisha shuka, utasikia, "Mama Neema, njoo unihakiki." Wakati mwingine palikuwa na watu wanne karibu naye, hawana la kufanya. Niliona ni njia yake ya kunitia adabu. Niliona ananifanya karani wake, akaacha vidole vyangu visizoee mishipa ili vyake viendelee kusifiwa. Mtu mwenye wivu hakosi maelezo.

Alikuwa na misemo yake. "Soma kwa mdomo," alikuwa akituambia, "macho yana mazoea." Kila kichupa kilisomwa kwa sauti: jina la dawa, nguvu yake, tarehe ya kwisha, na jina la mtoto. Kuna kaka mmoja wa wodi yetu aliyeona ni utoto. Siku moja alikuwa anasoma kichupa kwa kejeli, kama mtoto wa darasa la kwanza, na katikati ya jina akanyamaza. Kichupa kilikuwa cha dawa nyingine kabisa. Kilikaa kwenye boksi lilelile, kina kifuniko cha rangi ileile. Inchaji hakumgombeza. Alikichukua kile kichupa polepole, akasema, "Haya, endelea kusoma," akampa kingine.

Msemo mwingine ulikuwa wa kilo. Mtoto, alisema, hana kilo za kukisia. Daktari akiandika uzito bila mtoto kupimwa, Inchaji alikuwa anambeba mtoto mwenyewe mpaka kwenye mizani, anarudi na uzito mpya, na kumwekea daktari faili mbele bila neno. Madaktari vijana walimwogopa kuliko walivyomwogopa bingwa wao.

Dripu nazo zilikuwa na sheria. Hatuna mashine za kupimia matone, tunahesabu kwa saa ya kifuani. Yeye aliongeza la kwake: alibandika plasta ndefu ubavuni mwa chupa, akachora mistari kwa kalamu. Maji yafike hapa saa nne, hapa saa tano, hapa saa sita. Mtu yeyote akipita anaona kama yanakwenda mbio au yamelala. Kanula nayo iliandikwa tarehe juu ya plasta yake, maana haifai kukaa mshipani zaidi ya siku tatu. Kanula isiyo na tarehe, hata kama umeiweka sasa hivi mbele yake, alikuwa anaitoa. Nimetolewa mbili.

Alikuwepo bibi mmoja wa Mbagala aliyekuwa anamuuguza mjukuu wake. Bibi huyu alikuwa akifungulia dripu kila tukigeuka, iishe upesi waruhusiwe waende nyumbani. Nilimweleza mara tatu. Nilimweleza habari ya mapafu na moyo, kwa Kiswahili safi, na kila mara alinijibu, "Haya, mwanangu," na nikienda anafungulia tena. Inchaji alipokuja kuona maji yameruka mistari miwili kwa nusu saa, alifunga, akaketi kitandani, akampa bibi chupa kubwa ya maji ya kunywa. Akamwomba ainywe yote bila kupumua. Bibi alijaribu, akapaliwa, akacheka mpaka akafuta machozi. Tangu hapo Inchaji akampa cheo, alinde mstari. Yule bibi alilinda dripu za wodi nzima. Aligombeza wakwe za watu. Na mimi niliyemweleza mara tatu aliniuliza kama nami ni muuguzi au ni mwanafunzi.

Sasa msinielewe vibaya, hakuwa malaika. Alikuwa na kisukari na alikunywa chai ya vijiko vinne vya sukari. Huyu aliyetusomesha vichupa kwa mdomo alikuwa na vidonge vyake mwenyewe kwenye kipochi, vimechanganyika na sarafu na pipi za kifua. Saa sita mchana unamsikia anauliza hewani, "Hivi mie nimemeza leo?" Hakuna aliyejua. Alikuwa anatupia kimoja mdomoni kwa kubahatisha na kuendelea na kazi. Na alikuwa anaogopa sindano. Ilipokuja chanjo ya watumishi alijificha stoo ya mashuka, na tulipomtoa aligeuza uso ukutani na kunishika mkono mpaka ukafa ganzi. Nilifurahi siku ile, nakiri. Nilikuwa nakusanya kasoro zake, nikiwa nyumbani nazipanga na kuzihesabu.

Lakini furaha kubwa ilikuja asubuhi moja ya karatasi. Mtoto alikuwa na maambukizi kwenye damu, dawa ni ile ambayo ikizidi inaharibu figo. Tulipeana migongo, tukahesabu, tukageuka. Karatasi yake ilisema mililita moja na nusu. Yangu ilisema moja na robo. Tukarudia bila kusema kitu, na zikatoka vilevile. Basi tukalinganisha kilo tulizoanzia, na hapo nikaona. Yeye, mwenye msemo wa kilo, alichukua uzito kwenye kadi ya kliniki, kilo kumi na mbili, wa mwezi uliopita. Mimi nilimpima mtoto asubuhi ile kwa mikono yangu. Ugonjwa ulikuwa umemla, amebaki kumi.

Sikuwahi kufurahi namna ile, hata siku ya harusi yangu. Nilishusha pumzi polepole ili nisionekane. Nikasema kwa sauti ya huruma, ya uongo, "Mama, nadhani hii kilo si ya leo."

Aliiangalia ile kadi muda mrefu. Kisha akafanya jambo lililoniharibia kila kitu. Kwenye ripoti ya kubadilishana zamu, watu wote wamezunguka kitanda, mama wa mtoto akiwepo, alisema kwamba yeye alikosea, kwamba alitumia kilo za zamani, kwamba robo ya mililita si kitu kidogo kwa figo za mtoto, na kwamba Mama Neema ndiye aliyeliona. Nilisimama wima nikingoja mama wa mtoto anishukuru. Yule mama alimshika Inchaji mkono, akasema hajawahi kuona mtu mkweli hivyo maishani mwake. Kufikia jioni wodi nzima ilikuwa inasimuliana ukweli wa Inchaji. Sikula chakula cha usiku.

Wiki chache baadaye nilifanya ninaloona aibu kuliandika. Sheria yake ilikuwa mtu achome mara mbili tu, akikosa amwite mwingine. Aliingia mtoto mwenye kukaukiwa maji, na Inchaji alikuwa ofisini kwa matroni. Nikachoma mara mbili, nikakosa. Kumwita mwingine nikaona ni kumpa Inchaji ushindi mwingine. Nikachoma ya tatu kwenye mguu, ya nne, ya tano. Mtoto alishaacha kulia, na hiyo ni mbaya kuliko kulia. Mama yake alikuwa anaomba Mungu kwa sauti ndogo, akiangalia mlangoni. Inchaji aliingia, akaitoa trei mikononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akafumba macho yake, akatulia, akaupata mshipa kwenye kichwa. Mtoto alipona. Mimi nilitegemea barua ya onyo. Hakuniandikia barua, wala hakunitaja kwenye ripoti. Aliniambia pembeni nikanawe uso, na kesho yake, kama kawaida, "Mama Neema, njoo unihakiki."

Alistaafu. Akahamia kwa binti yake Kigamboni, na sisi tukabaki na mistari kwenye chupa. Baada ya miaka michache na mimi nikafanywa inchaji wa wodi ileile. Nilipopata barua, mtu wa kwanza niliyetaka aione hakuwa mume wangu.

Nilikwenda Jumamosi, na nilikwenda kujionyesha. Nilivuka darajani nikiwa nimevaa saa yangu ya kifuani juu ya gauni la kutokea, jambo ambalo hakuna mwenye akili analifanya. Nilimkuta ameketi sebuleni kwenye kochi, mguu umefungwa bandeji, kidonda cha kisukari. Macho yake yalikuwa yamefifia. Alinitambua kwa sauti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mama Neema. Njoo karibu, mie siku hizi naona vivuli tu."

Pembeni yake palikuwa na binti wa zahanati ya jirani, aliyekuwa akija kumchoma dawa ya kidonda kwenye kanula, mara mbili kwa siku. Binti mzuri, mpole, mikono myepesi. Alisoma kichupa kwa sauti bila kuambiwa. Inchaji alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, halafu akampapasa mkono, akaniambia, "Huyu ni kama mwanangu, ananijali kuliko hata hawa wa kuwazaa, vidole vyake huwezi hata kusikia." Mimi, mtu mzima mwenye barua ya uinchaji kwenye pochi, nilirudia yaleyale ya miaka tisa. Nilimwonea wivu yule mtoto wa watu.

Kwa hiyo nikamwangalia. Nilimwangalia kichupa, sindano, maji ya kuchanganyia, pamba, glavu. Kote safi. Nikaja kwenye mkono wa Inchaji, kwenye plasta ya kanula, na moyo wangu ukaruka kwa furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu ile asubuhi ya kilo. Plasta haikuwa na tarehe. Na juu yake kidogo, ukiinama, ngozi ilikuwa nyekundu, mshipa umekaza.

Nikamuuliza binti, kwa upole, hii imewekwa lini. Alisema juzi. Kisha akasema, au Jumanne. Binti wa Inchaji akapaza sauti toka jikoni kwamba ilikuwa kabla ya ule msiba wa jirani, na msiba ulikuwa Jumatatu. Nikambonyeza Inchaji pale penye wekundu, akaguta.

"Inauma toka lini?" nikamuuliza.

"Toka juzi. Sikutaka kumsumbua mtoto, anajitahidi."

Yule binti alianza kulia. Mimi nikaanza, na nasema kweli, kutabasamu. Nilikuwa nimegeukia ukuta, nikadhani sionekani. Inchaji asiyeona vizuri akacheka, amejiziba mdomo kwa mtandio.

"Umefurahi," alisema.

Nikakana.

"Umefurahi, nakusikia unavyopumua. Siku ya zile kilo pia ulipumua hivyohivyo." Akatafuta mkono wangu hewani mpaka akaupata. "We Mama Neema, unadhani mie nilikuwaga nakuita wewe kwenye karatasi kwa ajili ya nini? Wodi nzima ilikuwa inanipenda. Nikiwaambia mbili, wanaandika mbili. Hawahesabu, wananiangalia usoni. Wewe ulikuwa unanionea wivu toka wiki ya kwanza. Ulikuwa unatafuta kosa langu kwa moyo wako wote. Nikikugeuzia mgongo nilikuwa najua huyu wa nyuma yangu hatanisamehe hata nukta. Wale watoto wamelala salama miaka yote ile kwa wivu wako."

Nilisimama tu na saa yangu kifuani.

"Basi kwa nini kwenye mishipa hukuniita?" Ilitoka yenyewe, kwa sauti ya mtoto aliyenyimwa kitu. Ndilo swali nililolibeba miaka yote.

"Kwenye mshipa wivu haufai. Ulikuwa humchomi mtoto, ulikuwa unanichoma mie."

Kisha akaniuliza, maana alikuwa ameshasikia habari za barua kabla sijaitoa, kwamba sasa mimi ni inchaji, nani ananihakiki. Nikamtajia msichana mmoja wa wodini, mwepesi, ananipenda sana, ananiletea chai. Akasema nimwache alete chai, kwenye karatasi nimtafute mwingine. Nilimjua palepale huyo mwingine ni nani. Yupo mmoja anayeniangalia kwa pembe ya jicho, na barua ya kumhamisha wodi nilikuwa nimeshaanza kuiandika.

Dawa ya siku ile ilikuwa haijaingia bado, na ile kanula ilibidi itoke. Niliitoa mimi, nikabana na pamba. Binti wa zahanati alifuta machozi, akafungua kanula mpya, akaanza kutafuta mshipa kwenye mkono wa pili. Inchaji aliuvuta ule mkono wake taratibu, wenye hina iliyofifia, akaunyoosha upande wangu.

"Weka wewe," alisema, na akageuza uso ukutani.

Nilinawa. Nikavaa glavu. Nikaushika mkono wake kama ninamsalimia, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu yote sikumfikiria mtu mwingine aliyemo chumbani. Nilifumba macho. Mshipa ulikuwepo, mnyonge, umekaa kando kidogo ya pale nilipoutarajia. Nikachoma mara moja, damu ikarudi. Nikabandika plasta, nikakaa nikingoja aseme neno.

"Andika tarehe," alisema.